Poligrafu Inapima Hofu, na Hofu Si ya Waongo Peke Yao

Kabla ya kuulizwa lolote la maana, mtu aliyekaa kwenye kiti cha poligrafu, mashine inayodaiwa kutambua uongo, huambiwa achague namba, tuseme kati ya 1 na 7, kisha akane kila atakayotajiwa. Kifuani na tumboni amezungushiwa mirija miwili inayofuatilia pumzi. Mkono umefungwa mkanda kama ule wa kupimia presha, na vidole viwili vimebanwa vipande vya chuma vinavyohisi jasho. "Ni tatu?" Hapana. "Ni nne?" Hapana. "Ni tano?" Hapana. Mpimaji anatazama mistari kwenye skrini, anatulia kidogo, halafu anamwambia: umechagua tano, mwili wako umeshindwa kuficha. Zamani zilitumika karata, na baadhi ya wapimaji walikuwa na karata zenye alama mgongoni ili wasikosee. Kipimo cha ukweli, basi, kilifunguliwa kwa kiinimacho.

Naanza na kiinimacho hicho kwa sababu ubishi kuhusu mashine hii umevuka miaka mia, na kwa maoni yangu wabishi hawazungumzii kitu kimoja. Wanaoitetea wanaizungumzia kama kitisho: inawafanya watu waseme. Wanaoipinga wanaizungumzia kama hakimu: inahukumu vibaya. Wote wana hoja. Balaa huanza pale taasisi inapoazima hoja ya kwanza ili kuhalalisha matumizi ya pili.

Mashine yenyewe ilianza kutumika mwaka 1921 huko Berkeley, California, mikononi mwa John Larson, polisi aliyekuwa na shahada ya juu ya fiziolojia. Kabla yake mwanasaikolojia William Marston alikuwa akidai kwamba presha ya damu peke yake inatosha kumfichua mwongo. Mwaka 1923 mahakama moja ya Washington ilikataa kuupokea ushahidi wake kwa kuwa wanasayansi wa fani hiyo walikuwa hawajaukubali. (Marston huyohuyo ndiye baadaye aliyembuni Wonder Woman, shujaa wa kike mwenye kamba ambayo ikikufunga husemi ila kweli. Mahakama ilimnyima, akajipatia kwenye vibonzo.)

Shida ya msingi haijabadilika tangu wakati huo. Mwili hauna dalili maalumu ya uongo. Moyo hudunda kwa hofu, kwa aibu, kwa hasira, na hata kwa kutajiwa jina la mtu umpendaye. Wapimaji wanalijua hilo, ndiyo maana tangu mwaka 1947, kwa mbinu iliyoenezwa na John Reid, wanachanganya maswali. Kando ya "Uliiba zile fedha?" wanaweka swali kama "Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Nani hajawahi? Lakini mpimaji anakuwa ameshaandaa mazingira ya kukufanya ujibu "hapana" huku roho ikikusuta. Nadharia inasema mtu safi atasumbuliwa zaidi na swali hili la pembeni, na mwizi atasumbuliwa zaidi na lile la fedha.

Nadharia inapendeza hadi ujiweke kwenye kiti. Umeshukiwa kwa mauaji ambayo hukuyafanya. Swali moja linahusu vijiuongo vyako vya utotoni, jingine linaweza kukufunga maisha. Lipi litakutoa jasho?

Hata hivyo watetezi hawasimami hewani. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti ndefu juu ya poligrafu, na inayonukuliwa zaidi ni lawama zake. Lakini ilikiri pia kwamba mtu asiyefundishwa kuihadaa mashine, akiulizwa kuhusu tukio moja mahususi, mashine humtenganisha mkweli na mwongo vizuri kuliko kubahatisha, ingawa iko mbali na ukamilifu. Sasa linganisha na macho yetu. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2006, waamuzi zaidi ya 24,000 kwa jumla, wakakuta binadamu anapatia asilimia 54 tu. Uongo wenyewe ulitambuliwa kwa asilimia 47, yaani ungerusha shilingi hewani ungepatia zaidi. Tunasema njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa takwimu hizo inatosha kumfikisha nyumbani. Imani iliyozagaa duniani kote kwamba mwongo hawezi kukutazama usoni nayo haina mashiko: wakweli wengi huangalia chini, na matapeli wazoefu hukukazia macho mpaka ukaona haya wewe.

Hoja nzito zaidi ya watetezi, lakini, ni ungamo. Mtu anaambiwa kesho atapimwa, na usiku huohuo anaamua kusema. Mwaka 1971 Edward Jones na Harold Sigall walieleza mbinu ya kumuunganisha mtu na mashine ya bandia, kumwaminisha kwamba inasoma yaliyo moyoni, kisha kumuuliza ana mtazamo gani juu ya watu wa rangi nyingine. Kwa njia hiyo watu walitoa majibu machafu ambayo kwenye dodoso la kawaida waliyasitiri. Mashine haikuwa ikipima chochote. Mwaka huohuo Rais Nixon alirekodiwa ofisini mwake akisema hajui mashine hizi ni sahihi kiasi gani, ila anajua zinawatia watu kiwewe. Kwa kauli hiyo moja alikuwa ameielewa poligrafu kuliko wataalamu wengi.

Uingereza imejenga sheria juu ya hoja hiyo. Wahalifu wa makosa ya ngono walioachiwa kwa masharti wanaweza kutakiwa kupimwa, na wanachokisema humsaidia afisa anayewasimamia, lakini matokeo hayaruhusiwi kuwa ushahidi wa kumtia mtu hatiani kwa kosa jingine. Matumizi hayo siyaonei tabu sana, maana walau mpaka umechorwa: itishe, isihukumu.

Lakini kitisho nacho kina makali pande mbili. Mwaka 1973 huko Connecticut, kijana wa miaka 18 alimkuta mama yake ameuawa nyumbani. Polisi walimpima, wakamwambia mashine inaonyesha anadanganya. Saa zilivyopita alianza kujiuliza kama kweli alifanya na kusahau, na hatimaye akatia saini ungamo. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya mashtaka kufutwa baada ya kubainika kwamba wakati wa mauaji alionekana kwingine. Ungamo lile lile linalohesabiwa kuwa ushindi wa poligrafu, hapa lilikuwa zao la mtu kuiamini mashine kuliko kumbukumbu yake mwenyewe.

Kuna pia hesabu, na hapa sioni jinsi watetezi wanavyochomoka. Ripoti ile ya 2003 ilitoa mfano: wafanyakazi 10,000, kumi kati yao majasusi. Ukiikaza mashine iwanase majasusi wanane, watakaoangukia upande wa waongo ni watu kama 1,600, na wote isipokuwa wanane hawana kosa. Ukiilegeza usiwaonee watu, wataanguka kama 41, wawili tu wakiwa majasusi, na wanane waliobaki wanarudi mezani kwao kuendelea na kazi. Wakati huohuo sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawazuia waajiri binafsi walio wengi kuwapima wafanyakazi, lakini serikali ilijiachia nafasi ya kuwapima watu wake wa usalama. Yaani mashine imebakizwa palepale ambapo hesabu yake ni mbaya kuliko kote.

Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985. Alipimwa mwaka 1986 akapita, akapimwa tena mwaka 1991 akapita, akakamatwa mwaka 1994 baada ya watoa habari kadhaa kupoteza maisha. Gary Ridgway, Mmarekani aliyeua watu mmoja baada ya mwingine, alipita kipimo mwaka 1984. Vinasaba vilimnasa mwaka 2001, na baadaye akakiri kuua wanawake 48. Watu huzungumza sana juu ya msafi anayeshindwa kipimo, na ni haki. Mimi naogopa zaidi mchafu anayepita, kwa sababu akishapita kila mtu anaacha kumtazama.

Ipo mbinu nyingine inayotumia waya zilezile kwa akili zaidi. David Lykken aliieleza mwaka 1959: usimuulize mtu kama alifanya, muulize yale ambayo aliyefanya peke yake ndiye angeyajua. Mkoba ulikuwa mwekundu? Wa kijani? Mweusi? Asiyehusika anazisikia rangi zote sawasawa. Polisi wa Japani wanaitumia sana. Kikwazo chake ni kwamba gazeti likishachapisha rangi ya mkoba, kipimo kimekufa, na kwa kuajiri haifai kitu kwa kuwa hakuna tukio la kuuliza.

Na kuna mbinu isiyo na waya kabisa. Mwaka 2006 Maria Hartwig na wenzake waliwafundisha polisi wanafunzi wa Sweden kutoharakisha kuutoa ushahidi. Mwache mshukiwa asimulie mpaka amalize, mzungushie maswali yanayougusa ushahidi bila kuutaja, ndipo uuweke mezani na kumwangalia anavyohangaika kuoanisha. Waliofundishwa walipatia asilimia 85, wenzao asilimia 56. Ila mbinu hiyo inadai uje kikaoni na ushahidi ulioutafuta mwenyewe kabla, na anayeagiza poligrafu kwa kawaida hana chochote mkononi.