Ati Ndizi Zangu Zina Nuksi

Mtu akikwambia ndizi zako hazijaiva, utavumilia. Akikwambia umeuziwa ghali, utavumilia pia, maana ni kweli. Lakini mtu asimame ufukweni alfajiri, maji yamemfika magotini, atangaze mbele ya wenzako kwamba ndizi zako zina nuksi na yeye hapandi chomboni mpaka zishuke! Ndizi! Si bundi, si jeneza, si mtu aliyefungwa jana akatoroka leo. Kichana cha ndizi nilichonunua kwa hela yangu pale Timboni, baada ya kuitazama bei ya mkate nikaona bora tuheshimiane, mkate ukae kwake na mimi kwangu.

Mimi ni baharia wa boti ya kuvulia watalii hapa Watamu. Baharia ni jina la heshima tu. Kazi yenyewe ni kuosha sitaha, kufunga mishipi, kumshika sulisuli kwa ule mdomo wake wa sindano, na kucheka mizaha nisiyoielewa. Sasa ni kaskazi, sulisuli wanapita, wageni wapo. Kusi ikianza boti zinapandishwa juu na sisi tunashuka chini, hilo mnalijua, sina haja ya kuwakumbusha karo. Kwa hiyo mgeni wa msimu habishiwi. Akisema bahari leo ina rangi ya zambarau, tunamuuliza kama angependa iwe zambarau zaidi.

Huyu wa jana ni wa wale wavuvi wa inzi. Ngisi hamtaki, kibua hamtaki, mshipi wenye chambo cha kuliwa anauona ni uvuvi wa wahuni. Yeye anavua kwa manyoya. Nilimshika huyo inzi wake mkononi: manyoya meupe na ya waridi marefu kuliko kiganja changu, yamefungwa kwa uzi mwembamba, kichwa cha sponji ngumu, macho mawili ya kubandika yanayokutazama popote ulipo, na ndani kabisa ndoana imejificha. Inzi wa namna hiyo akitua kwenye wali wako humpungi. Unamwachia sahani.

Na vifaa! Rodi zake na rili zake ukizijumlisha unapata kiwanja, tena cha barabarani. Ana miwani ya kuona ndani ya maji, ana shati la kuzuia jua, ana simu inayomwambia upepo wa kesho kutwa. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa sayansi. Leo tutafanya kazi kwa akili.

Basi nikapanda, nikaweka kikapu changu chini ya benchi, ndizi zikachungulia. Mgeni alikuwa ameinua mguu mmoja kushika ngazi. Mguu ukabaki juu.

"Zile ni nini?"

Nikamwambia ni chai yangu. Mguu ukarudi majini. Akarudi nyuma hatua moja, na ya pili. Ndipo akaanza kueleza. Zamani, kule Karibi, meli zilizobeba ndizi zilikuwa zinapotea baharini. Tena ndani ya mikungu mlijificha buibui wenye sumu. Tena meli hizo zilikwenda mbio mno ili mzigo usioze, ndiyo maana aliyeburuta mshipi hakupata kitu. Sababu tatu kwa pumzi moja. Mtu mwenye sababu moja anayo. Mwenye tatu bado anatafuta.

Na mimi nikawaza, bahari hii ya kwetu imevukwa na majahazi karne kwa karne, yamepeleka boriti Arabuni, yameleta tende na papa mkavu, na mikungu ya ndizi imepanda na kushuka bandari zote kutoka Lamu mpaka Pemba. Hakuna nahodha hata mmoja niliyesikia amezamishwa na kisukari, zile ndizi ndogo tamu. Lakini mgeni habishiwi.

Kapteni akanitazama. "Mwanangu, zishushe."

"Kapteni, nitazitia kwenye sanduku la barafu, nifunge kifuniko."

Mgeni akatikisa kichwa. Nuksi haizuiliwi na kifuniko.

"Basi nizitupe baharini."

Loo, hapo ndipo alipopauka. Baharini ndiyo balaa lenyewe, zitaelea zitufuate! Zinatakiwa nchi kavu. Nikazipeleka mchangani. Akauliza maji yakijaa yanafika wapi. Kapteni, badala ya kuninusuru, akasema kweli: leo ni bamvua, jioni maji yatafika kwenye mizizi ya mivinje. Basi ziende kule juu, nyuma ya mivinje. Nikapanda na kichana changu mkononi, mtu mzima, baba wa watoto, nikitafutia ndizi mahali pa kujihifadhi kama mkimbizi. Vijana wawili wa ufukweni waliokuwa wamelala pale wakazinduka kwa harufu. Sikuwapa. Niliziweka chini tu, nikageuka. Nyuma yangu nikasikia maganda.

Nimerudi chomboni nikidhani yamekwisha. Mgeni akaniuliza, kwa upole, kama daktari: "Umekula ngapi?"

Nilikuwa nimekula moja nikimsubiri yeye, aliyechelewa. Nikasema moja. Akavuta pumzi. Akazungumza na Kapteni pembeni. Nikaona mikono inakwenda na kurudi, na kila mara kidole kinaelekea tumboni mwangu. Kapteni akaja, uso hautaki kunitazama.

"Mwanangu, sukutua."

"Nisukutue?"

"Kwa maji ya bahari. Mara tatu. Tusipoteze maji ya kutokea."

Nikasukutua. Maji ya chumvi, saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu isipokuwa ile ndizi moja ambayo sasa hata yenyewe ilikuwa inajuta. Nikatema upande wa kulia kwa sababu wa kushoto alisimama mgeni. Naye akaridhika? Hakuridhika. Akamgeukia mwenzangu, akamuuliza jina, na mwenzangu, wallahi, tangu utotoni anaitwa Kisukari. Mgeni huyu amekuja pwani miaka, kila siku anapewa kisukari hotelini na kila siku anazirudisha jikoni. Tukamtazama Kisukari, Kisukari akatutazama. Kapteni akasema anaitwa Ali. Mpaka jioni kila tukimwita Ali hakuitika, kwa sababu hamjui Ali ni nani, na mgeni akamwona ni mtu mwenye kiburi.

Sasa nisikilizeni. Mwenye boti, msimu uliopita, alituamuru tuondoe kile kitambaa chekundu alichofunga marehemu nahodha kwenye omo. Ati wageni wataona boti ni ya mganga. Tukakiondoa. Na huyu mgeni ana kofia ambayo haijafuliwa tangu alipopata samaki mkubwa kwenye mto fulani huko Uskoti. Kofia ile ukiiweka chini inasimama peke yake. Ana sarafu ya babu yake ndani ya kiatu. Hagusi wavu wa kuopolea mpaka samaki awe ameshika. Ukisema "hii ndiyo ya mwisho, turudi," anaziba masikio. Huyo si mganga. Huyo ni mteja.

Tukatoka. Kapteni akasoma dua yake, mgeni akavua kofia kwa adabu, harufu ikatufikia, akairudisha haraka. Mara akalowesha kidole na kukiinua juu. Upepo unatoka wapi? Mashariki, kaskazini mashariki. Akashika kichwa. Kwao kuna shairi la wavuvi, upepo wa mashariki samaki hagusi, wa magharibi anashika vizuri. Jamani! Huo upepo anaoulalamikia ndiyo kaskazi yenyewe. Ndiyo inayotuletea sulisuli, ndiyo iliyoleta majahazi ya Oman na nusu ya majirani zangu. Sisi tukingoja upepo wa magharibi tutavua lini? Lakini mgeni habishiwi, nikamwambia utageuka.

Uvuvi wenyewe, kwa asiyeuona, ni utapeli mtupu. Mimi naburuta nyuma ya boti chambo cha uongo kisicho na ndoana. Sulisuli anakuja, pezi la mgongo limesimama, ubavu unawaka buluu, amekasirika. Anakipiga chambo, nakivuta. Anakipiga, nakivuta, mpaka yuko karibu. Kapteni anatoa gia, kanuni za wavuvi wa inzi zinataka hivyo, kisha nanyakua chambo kutoka majini na mgeni anarusha inzi wake pale pale. Samaki, kwa hasira, anameza manyoya. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na sulisuli ni binamu yake kwa tabia.

Wa kwanza alikuja mapema. Alikuja vizuri, akameza vizuri, akaruka mara mbili, akakata mshipi akaenda zake. Kimya. Injini inanguruma peke yake. Nikainua macho, nikaona watu watatu wanatazama tumbo langu. Hata Kisukari! Ali, yaani.

Wa pili alishika mchana. Akavutwa, akafika ubavuni, nikamshika mdomo, akapigwa lebo, akaachiliwa. Na kwa nini huyu alishika? Kwa sababu ya kofia. Nikauliza, kwa heshima zote, kama ndizi yangu haikuwa bado ndani. Nikajibiwa kwamba kufikia saa hiyo itakuwa imeshasagika. Mnaiona hesabu hiyo? Samaki akikosekana, ndizi ipo. Samaki akipatikana, ndizi imekwisha. Mimi nimetoka kijasho, kiganja kimechanika kwa ule mdomo wenye msasa, nimeburuta chambo kutwa nzima, na sifa imekwenda kwa kofia.

Tukarudi na bendera moja juu, kuonyesha sulisuli mmoja, na boti tupu. Pwani nikakuta wale vijana wawili waliokula ndizi zangu wamepata familia nzima ya wageni ya kupeleka kutazama pomboo, wamelipwa taslimu, wanachekelea. Nuksi hiyo! Nami bakshishi yangu hutolewa mwisho wa safari zote, si leo wala kesho.

Nyumbani nikamweleza mama watoto kwamba tumepata sulisuli mkubwa.

"Yuko wapi?"

"Tumemwachia."

"Na mmerudi na nini?"

"Bendera."

Akafunika chungu. "Baba Zuhura, bendera hiyo tuitie nazi ama tuikaange?"

Lakini mimi si wa kusema mgeni peke yake, maana nikiangalia kwetu naona tumejaa. Mjomba wangu wa ngalawa hataki kuulizwa anakwenda wapi. Amebeba mshipi, amebeba kafi, anaelekea baharini, ukimuuliza "wapi, mjomba?" anarudi kulala. Dereva wa bodaboda wetu ana hirizi kwenye usukani na tairi la nyuma limekuwa kipara. Kapteni mwenyewe, mwenye cheti, akijikwaa kidole cha mguu wa kushoto anasubiri kwanza. Mimi kiganja changu cha kulia kimeniwasha mwezi mzima, wanasema ni pesa inakuja. Nimegundua ni sabuni ya kuoshea sitaha.

Jana jioni, tunaagana, mgeni akatoa jingine: kesho hatutoki. Kesho Ijumaa, na mabaharia wa kwao hawaanzi safari Ijumaa. Kapteni, ambaye kila Ijumaa huomba ruhusa arudi mapema aiwahi swala na kila Ijumaa hanyimwi kwa ubaya ila hapewi, aliinamisha kichwa akasema hiyo ni hekima kubwa sana. Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Mimi nalipwa kwa safari. Hekima yao imenikata siku.

Basi leo asubuhi nikaenda dukani nipate unga kwa deni. Mwenye duka hata daftari hakulishika.

"Sijafungua."

"Mlango uko wazi, mzee."

"Mkono sijafungua. Mteja wa kwanza akiwa wa deni, siku nzima ni deni. Ngoja aje wa pesa."

Nikatazama kwenye benchi. Fundi cherehani amekaa. Mwalimu wa madrasa amekaa. Mama mmoja na chupa yake ya mafuta ya taa amekaa. Wote wa deni, wote wanamngoja mtu wa pesa. Nikakaa. Kila anayetokea kwenye kona tunamtazama kwa matumaini, anafika, anasalimia, anakaa. Saa mbili ikapita. Benchi likajaa, wengine wakachuchumaa. Fundi akashauri tuchange tununue kiberiti, tukapapasa mifuko, wazo likafa.

Ndipo akaja mtoto, kamasi mpaka mdomoni, shilingi tano mkononi, anataka pipi. Mama mwenye chupa alimpokea kama bwana harusi. Tukampisha. Tukamwelekeza. Mwalimu akamnyanyua afike kaunta. Mtoto akaziona pipi, akafikiri, akasema hataki nyekundu. Mzee akasema za kijani zimekwisha. Mtoto akarudisha shilingi tano mfukoni akageuka kuondoka, na watu wazima wanane tukamzingira kumweleza utamu wa nyekundu, mpaka akaanza kulia, mama yake akatoka ndani akiuliza tunamfanya nini mwanawe. Pipi ikanunuliwa mwishowe. Mkono ukafunguka. Mzee akalitoa daftari, akauliza nani wa kwanza, na sasa fundi anadai yupo tangu alfajiri, mama anasema chupa yake ilifika kabla ya fundi, na mimi nipo nyuma ya mwalimu, nimesema nipo nyuma ya mwalimu, yule aliyechuchumaa asijifanye hakuniona.