Si anasa, blanketi na ukuta vinatosha

Kuna makala nimeisoma inasema yoga ya kutulia, yaani mazoezi ya kulala au kukaa kwa utulivu huku ukipumua taratibu, ni anasa ya watu wa mahotelini. Sikubaliani kabisa. Mimi nauza viazi Uyole, Mbeya, nashinda nimesimama, jioni miguu imevimba. Binti yangu ndiye aliyenionyesha: nalala chali mkekani, makalio karibu na ukuta, miguu nimeiegemeza juu, blanketi limekunjwa chini ya kiuno. Dakika 10 hadi 15, natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Hakuna kujikunjakunja, ukuta na blanketi ndivyo vinavyobeba mwili, misuli inaachia, mapigo ya moyo yanatulia, hata mawazo ya madeni yanakaa pembeni. Na baridi hii ya Juni, jamani, najifunika blanketi la pili, usingizi unakuja wenyewe. Ila wajawazito na wenye presha ya macho wamuulize daktari kwanza.