Barbados Yatafuta Watu, Wenyeji Wauliza Watakaa Wapi

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, mtu wa Dominica, Belize au Saint Vincent na Grenadines anaweza kushuka Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, na begi lake, akatafuta kazi, akapanga nyumba na kumwandikisha mtoto wake shule ya serikali bila kuomba kibali cha kazi. Mbarbados naye ana haki hiyo hiyo kwao. Nchi hizo nne zimewatangulia wenzao wa Jumuiya ya Karibi, CARICOM, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiahidi uhuru huo kisha kuuahirisha. Kwa upande wa Barbados, udugu si sababu pekee. Kisiwa kinazeeka, vifo miaka ya karibuni vimekuwa vikizidi vizazi, na serikali ya Waziri Mkuu Mia Mottley imesema waziwazi kwamba inahitaji watu kutoka nje.

Kwetu sisi tuliozoea habari za madarasa kufurika na vijana kugombea nafasi chache za ajira, kilio hicho kinaweza kusikika kama utani. Barbados ina kilomita za mraba 430 hivi, haifikii hata nusu ya Pemba, na katika kila kilomita moja wanaishi watu zaidi ya 600. Ni nchi iliyobanana kweli kweli. Mwenyeji aliyekwama kwenye foleni ya magari asubuhi akiingia Bridgetown ana haki ya kuuliza hao watu wanaopungua ni wa wapi. Jibu liko kwenye umri: karibu mtu mmoja kati ya sita ana miaka 65 au zaidi, na tangu miaka ya 1980 wanawake wa kisiwa hicho wamekuwa wakizaa, kwa wastani, watoto wasiofika wawili.

Hali hii haikujileta. Kwa muda mrefu watawala wa Barbados waliamini kwamba kisiwa kina watu kupita kiasi, na wakafanya bidii kuwapunguza. Wamarekani walipoanza kuchimba Mfereji wa Panama mwaka 1904, Bridgetown ikawa kituo kikuu cha kuajiri vibarua. Wanaume karibu 20,000 walisaini mikataba, na maelfu wengine wakajilipia nauli na kwenda wenyewe. Kisiwa kilichokuwa na watu kama 182,000 mwaka 1891 kilibaki na 156,000 hivi mwaka 1921. Mwaka 1956 ikaja zamu ya London: shirika la usafiri la jiji hilo lilituma maofisa wake Barbados kuajiri makondakta wa mabasi na wahudumu wa vituo vya treni, na serikali ya Barbados ikawakopesha nauli waliochaguliwa. Uingereza ilipobana mlango kwa sheria ya uhamiaji ya 1962, safari zikageukia Marekani na Kanada.

Sambamba na hayo, katikati ya miaka ya 1950 kikaanzishwa chama cha uzazi wa mpango ambacho serikali ilikiunga mkono mapema, wakati serikali nyingi za eneo hilo zilikuwa bado zinaogopa makanisa. Mwaka 1962 serikali ya Errol Barrow ikafuta ada za sekondari, wasichana wakasoma, wakapata kazi za ofisini, ualimu na uuguzi, na familia zikawa ndogo. Kwa kipimo chochote cha maendeleo, huu ni ufanisi. Ndiyo maana huwa sina subira na wanaowalaumu vijana wa leo wa Barbados kwa kutozaa, kana kwamba wameasi mila. Bibi zao walifundishwa kwa fedha za umma kwamba watoto wawili wanatosha, na babu zao walikopeshwa nauli ya kuondoka.

Kabla ya kuzipima hoja za pande mbili, tuangalie namba zenyewe, maana wanasiasa wanazirusha kama vile zimechongwa kwenye jiwe. Sensa ya 2021 ilitoa jumla ya watu 269,090. Ile ya 2010 ilikuwa imetoa 277,821. Pungufu, basi, ni watu 8,731. Lakini mwaka 2010 makarani waliwaandikisha watu 226,193 tu. Zaidi ya 51,000 wengine waliongezwa kwa makadirio, kwa sababu kaya nyingi hazikufikiwa au hazikutoa majibu. Yaani marekebisho ya mezani ni karibu mara sita ya upungufu unaozungumzwa. Sisemi kwamba kisiwa hakizeeki. Takwimu za vizazi na vifo zinatosha kuthibitisha hilo. Ninachosema ni kwamba anayesimama jukwaani na kutaja idadi kamili ya wageni wanaohitajika anajenga juu ya msingi wenye nyufa. Namba ya watu 80,000 ilipotajwa hadharani katika mjadala huu, ilikuwa sawa na karibu theluthi moja ya wakazi wote. Wenyeji walishtuka, na tangu siku hiyo imekuwa vigumu kuzungumza juu ya wageni kwa utulivu. Serikali ilipotoa rasimu ya sera ya taifa ya idadi ya watu mwaka 2023, wengi walikuwa wameshachagua upande.

Upande wa serikali una hoja nzito, na ya kwanza ni pensheni. Mfuko wa bima ya taifa, ulioanza mwaka 1967, unalipa wazee wa leo kwa michango ya wafanyakazi wa leo. Wachangiaji wakipungua na wazee wakaishi miaka mingi, na Wabarbados wanaishi miaka mingi hasa, hesabu inagoma. Mageuzi ya 2023 yaliweka ratiba ya kupandisha umri wa kupokea pensheni kamili kutoka miaka 67 hadi 67 na nusu mwaka 2028, kisha 68 mwaka 2034. Kumwambia fundi ujenzi angoje hadi 68 si jambo dogo, na serikali inasema wachangiaji wapya kutoka nje watapunguza shinikizo la kuusogeza umri huo tena.

Hapo nakubaliana nayo nusu. Mwaka 2018 Barbados ilishindwa kulipa madeni yake na kuyapanga upya. Mfuko ule ule wa pensheni ulikuwa umeikopesha serikali fedha nyingi, na katika upangaji huo ukapoteza zaidi ya dola bilioni moja za Barbados. Shimo hilo halikuchimbwa na wanawake waliozaa watoto wachache. Lilichimbwa na serikali zilizotumia akiba ya wafanyakazi kuziba mapengo ya bajeti, na ni ajabu jinsi mjadala wa idadi ya watu unavyolifunika. Tena mhamiaji mwenye miaka 30 leo atakuwa na 68 siku moja, na yeye naye atadai chake. Wageni wanaupa mfuko nafasi ya kupumua kwa miaka kadhaa, jambo lenye thamani, lakini si tiba.

Hoja ya pili ni kazi zenyewe. Mwaka 2020, katikati ya janga la Uviko-19, wauguzi 95 kutoka Ghana walitua Barbados kwa mkataba wa serikali mbili, kwa sababu wauguzi wa kisiwa hicho walikuwa wameshaondoka kwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Mzee aliyelazwa hospitali hawezi kungoja sera ya uzazi izae muuguzi. Hakuna mpinzani makini anayewaambia wauguzi wale warudi kwao.

Wapinzani wanauliza jambo jingine: ardhi. Na anayetaka kuelewa kwa nini swali hilo lina moto aangalie nyumba ya kale ya Barbados. Ni ya mbao, ndogo, imekaa juu ya mawe yaliyopangwa bila saruji, na ilijengwa hivyo makusudi ili iweze kufumuliwa na kubebwa kwa mkokoteni. Utumwa ulipokoma kabisa mwaka 1838, karibu ardhi yote ilibaki mikononi mwa wenye mashamba ya miwa. Aliyeachwa huru aliweza kumiliki kuta na paa, lakini si udongo chini yake. Akigombana na bwana shamba, anaondoka na nyumba yake. Ni mwaka 1980 tu ndipo sheria ilipowapa wapangaji wa viwanja vya mashambani haki ya kununua vipande walivyokalia kwa senti 10 kwa futi ya mraba. Kuna watu wazima leo ambao wazazi wao ndio wa kwanza katika ukoo kuwa na hati. Ukiwaambia watu hao kwamba nchi ina nafasi ya kutosha, wanasikia mtu anayegawa kitu walichokipata juzi.

Na bei zimepanda. Ufuko wa magharibi, hasa parokia (yaani wilaya) ya Saint James, umejaa majumba ya matajiri wa ng'ambo, na kijana wa hapo mwenye mshahara wa kawaida anatafuta kiwanja mbali na bahari aliyozaliwa karibu nayo. Maji nayo hayatoshi. Barbados inategemea maji ya chini ya mawe ya chokaa na ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa wa maji duniani. Parokia za kaskazini na mashariki zimeshapitia vipindi virefu vya mabomba makavu au yenye kutoa maji ya kahawia. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za wapinzani, na serikali imeijibu kwa ahadi zaidi kuliko kwa mabomba.

Kuna hoja nyingine ya wapinzani isiyopendeza, nayo ni ya nani anayekaribishwa. Julai 2020 Barbados ilizindua kibali cha miezi 12 kwa wanaofanya kazi kwa intaneti, mradi wawe na kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. Hakuna aliyepiga kelele sana. Lakini mwaka 2009 serikali ya David Thompson iliwapa wahamiaji wa Karibi wasio na vibali, wengi wao Waguyana, muda wa kujisajili, na wasiotimiza masharti wakatakiwa kuondoka. Mwaka 2011 mwanamke Mjamaika alizuiwa uwanja wa ndege, akapekuliwa kwa udhalilishaji na kurudishwa kwao kesho yake; mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Karibi iliamuru Barbados imlipe fidia na kusema wazi kwamba raia wa jumuiya ana haki ya kuingia na kukaa hadi miezi sita. Mwenye kompyuta ya mapajani anapanga nyumba ya pwani na kupandisha kodi. Mguyana alikuwa akikata miwa na kupiga plasta. Anayelalamikia bei za nyumba angeanza na yule wa kwanza.

Swali ambalo pande zote mbili zinalikwepa ni hao watu watoke wapi. Dominica, Belize na Saint Vincent zikijumlishwa hazifikishi watu 600,000. Dominica ilipigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, visiwa vya kusini vya Saint Vincent na Grenadines vikapigwa na Beryl Julai 2024, na zote zina wauguzi na walimu wanaoondoka. Barbados ikifanikiwa kuwavuta, itakuwa imehamishia tatizo lake kwa jirani. Ghana nayo iliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya ambazo wenzao wanaombwa wasiajiri huko holela. Na Guyana, iliyokuwa hodhi la vibarua wa kisiwa hicho, ilianza kuchimba mafuta Desemba 2019. Sasa inawaita watu wake warudi, na wafanyabiashara wa Bridgetown ndio wanaopanda ndege kwenda Georgetown kutafuta zabuni.

Wanaobaki ni Wabarbados wenyewe walio ng'ambo. Serikali iliwaalika mwaka 2020 kwa kampeni ya We Gatherin', ikakatizwa na Uviko, kisha ikarudiwa mwaka 2025. Wengi wanaoitikia ni wastaafu wa Uingereza. Wanaongeza idadi ya wazee, ndiyo, ila wanakuja na pensheni za pauni, ambazo kwa makubaliano ya nchi hizi mbili huendelea kupandishwa kila mwaka hata mpokeaji akiwa Barbados. Wanajenga, wanaajiri, na hawaugusi mfuko wa kisiwa. Ajabu ni kwamba kundi hili linaloonekana kuharibu takwimu za umri ndilo linaloacha fedha nyingi bila kudai pensheni.

Kati ya pande mbili naegemea kuwafungulia mlango wageni, lakini kwa mpangilio tofauti na ule wa serikali. Waajiriwe wauguzi na mafundi kwa mikataba inayowaruhusu kubaki na kuleta familia, si kuwatumia miaka miwili na kuwaaga. Namba kubwa za jukwaani ziachwe. Kabla ya yote, mishahara ya hospitali na shule iangaliwe, kwa sababu nchi inayolipa nauli ya muuguzi wa Accra huku muuguzi wake wa Saint Michael anajaza fomu za Toronto inalipia upungufu mmoja mara mbili. Vijana wasio na kazi bado wapo kisiwani, na mwajiri wa hoteli anayedai hapati watu hajaulizwa vya kutosha anawalipa nini.

Mkataba wa nchi nne utakapokuwa umedumu miaka michache, kitu cha kwanza nitakachotazama ni safari za kwenda upande wa pili: Wabarbados wangapi wamehamia Belize, ambako ardhi ni mara 50 ya kwao na watu hawafiki laki tano.