Mteja wa Programu Huria Hulipia Mtu wa Kuwajibika

Wenye biashara wa Nairobi na Mombasa wanapoelezwa habari za programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, huuliza bei kwanza, na wauzaji wengi hujibu kwa furaha kwamba leseni haina gharama. Jibu hilo ni la kweli, lakini naona ndilo linalotuharibia kazi, kwa sababu mteja aliyeambiwa kwamba bidhaa ni ya bure hushangaa, na pengine hukasirika, anapoletewa ankara ya matunzo. Leseni ya GPL, ambayo ndiyo ya ERPNext, mfumo huria wa kuendeshea biashara, hutamka wazi kwamba programu hutolewa bila dhamana yoyote. Biashara yetu iko katika pengo hilo la dhamana, na anayeliziba anastahili kulipwa bila kuona haya.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1989 kampuni ya Cygnus ilianzishwa California ili kuuza huduma za kitaalamu kwa watumiaji wa programu za GNU, mradi wa programu huria, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba mtu anaweza kupata riziki kwa kitu kinachoweza kunakiliwa na yeyote. Miaka kumi baadaye Red Hat, kampuni nyingine ya programu huria, ilitangaza kuinunua, na mwaka 2019 Red Hat yenyewe ikanunuliwa na IBM kwa takriban dola bilioni 34. Msimbo ulikuwa hadharani siku zote. Kilichokuwa na thamani kubwa ni mikataba ya wateja, pamoja na wahandisi wenye uwezo wa kuitekeleza.

Hapa kwetu fundi huandaa seva, huweka ERPNext au Odoo, mfumo mwingine wa aina hiyo, huwafundisha wahasibu kwa haraka, hulipwa, kisha hapatikani kwa simu. Mwenye duka hubaki na mfumo ambao hata nenosiri lake kuu hajui liko kwa nani.

Chukua mfano wa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, na kwa hiyo mfumo wa mauzo usiounganishwa na KRA humsumbua mwenye biashara na wateja wake pia. Programu huria ina nafasi nzuri hapa, kwa kuwa fundi wa Kenya anaweza kuandika kiunganishi mwenyewe bila kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko letu linafaa. Tatizo ni namna anavyokiandika. Wapo wanaofungua faili za msingi za mfumo na kuzibadilisha humo humo kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na mteja akiona ankara inapita, huridhika. Likija toleo jipya au kiraka cha usalama, marekebisho yote hufutika, au mfumo hukataa kuwaka, na mteja hushauriwa asiguse kitu. Odoo hutoa toleo kubwa kila mwaka na huhudumia matatu ya karibuni tu, kwa hiyo ushauri huo humwacha mteja na mfumo usio na kinga huku akiamini kwamba anatunzwa.

Marekebisho ya mteja yanapaswa kukaa katika moduli ya pembeni, yaani sehemu inayojitegemea nje ya faili za msingi, na hitilafu inayogunduliwa katika msimbo wa msingi ipelekwe kwa mradi wenyewe, ili ikikubaliwa irekebishwe kwa watumiaji wote na isiwe tena mzigo wa kubebwa upya kila toleo linapobadilika. Wateja wengine husita wakidhani tunawapa washindani siri zao. Siri ya muuza vifaa vya ujenzi ni bei anayonunulia saruji, wala si namna mfumo wake unavyokadiria senti za VAT.

Kufuatilia matangazo nako ni kazi ya kulipiwa. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, mfumo endeshi huria wa seva uliotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Aliyekuwa na mtu wa kumwangalizia alihamishiwa mifumo mbadala ya AlmaLinux au Rocky Linux bila kununua leseni mpya, ilhali asiye na mtu hakujua kwamba kuna lililobadilika.

Ndiyo maana napendelea mkataba wa mwaka unaotaja muda wa kuitikia tatizo, nakala rudufu zinazojaribiwa kwa kurejeshwa kweli, nenosiri kuu kukaa kwa mteja, na utaratibu wa kumkabidhi kwa mtoa huduma mwingine akitaka kuondoka. Wenzangu wa kazi huniambia kwamba kifungu hiki cha mwisho kinamfungulia mteja mlango. Mlango huo umefunguliwa na leseni tangu mwanzo, nasi tunaandika tu nani atakabidhi nini, kwa muda gani na kwa malipo gani.