Handaki la Ngong na lawama zisizo zake

Ukipanda treni ya Suswa kwenye reli mpya ya kisasa (SGR), pale Ngong dirisha linageuka ghafla kuwa kioo: vilima vinatoweka, unajiona mwenyewe, na mngurumo wa magurudumu unakujaa masikioni. Handaki lina urefu wa kilomita 4.5. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni dakika tatu na ushei za giza.

Watu wengi hapa Nairobi watakwambia pesa zetu zilizikwa humo, nami nawaelewa. Kipande cha reli hiyo cha Nairobi hadi Naivasha, kinachoishia Suswa, kilomita 120, kilizinduliwa Oktoba 2019 kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.5, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Mkopo haungoji mizigo ije. Mwaka 2020 serikali ilipoagiza mizigo ya nchi jirani ipitie bandari kavu ya Naivasha, wafanyabiashara wa Uganda walilalamika. Wanaosema tungeanza kwa kukarabati reli ya zamani wana hoja nzito.

Ila reli hiyo ya zamani nayo iteseke kidogo kwa maswali. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mbele yake kulikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa muda, wajenzi walilazimika kushusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali, huku njia ya kudumu ikizungushwa ubavuni mwa ukingo. Mlima hudai ushuru kila safari: kwenye mwinuko wa asilimia 2, yaani kupanda mita 2 kwa kila mita 100, treni ya tani 1,000 inaitaka injini nguvu ya kunyanyua tani 20 zaidi. Punguza mwinuko hadi asilimia 1, na ushuru huo unabaki nusu. Handaki hupenya mlima badala ya kuupanda, hivyo hupunguza mwinuko; hulipwa mara moja, kisha kila treni inayopita inapunguziwa mzigo.

Kwa hiyo mimi sililaani handaki. Kinachoniuma ni kwamba tulichimba njia ya treni nzito, reli ikaishia Suswa badala ya kusonga moja kwa moja hadi Kisumu na Malaba. Kontena la Kampala likishapita chini ya Ngong bila jasho, kwenye bandari kavu ya Naivasha kreni inalinyanyua na kulishusha juu ya lori, au juu ya behewa la reli ile ile ya zamani, yenye upana wa mita moja.