Muziki wa lori uanze na waya, na tajiri alipie waya huo

Dereva wa lori anaishi ndani ya gari. Anayebeba korosho kutoka Newala au Tandahimba kuja Mtwara hulala kwenye foleni ya ghala akisubiri kushusha. Anayetoka na makaa ya mawe Mbinga kuleta bandarini anazipita Songea, Tunduru, Mangaka na Masasi kabla hajaiona bahari. Mtu wa namna hiyo kutaka muziki safi kwenye kebini si uhuni wala si utoto, na inaniuma kuwasikia matajiri wengi wenye magari wakilisema jambo hili kwa dharau. Wanakataza, halafu dereva anafunga kwa kujificha, usiku, kwa fundi mwenye haraka. Hapo ndipo gari linapoanza kuharibika.

Malori mengi ya huku, iwe Fuso, Scania au Howo, yanatumia volti 24. Amplifaya za gari zinazouzwa madukani karibu zote ni za volti 12. Ndani ya sanduku la betri kuna betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili jumla iwe 24, na njia ya mkato inayopendwa na mafundi ni kuchukua chanya pale katikati, betri moja inapoungana na mwenzake, kisha hasi wakaibana kwenye bodi. Muziki unalia saa hiyohiyo. "Fundi, wewe niunganishie tu, mie alfajiri naondoka." Fundi anaunganisha, anapokea hela yake, yameisha.

Hayajaisha. Betri moja sasa inalisha gari zima pamoja na amplifaya, ya pili inalisha gari tu. Altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, haina habari na betri mojamoja, inaangalia jumla ya zote mbili, kama volti 28, na inachaji mpaka jumla hiyo ifike. Ile inayonyonywa ikibaki kwenye volti 12 na ushee, pengo lote linasukumwa kwa mwenzake, ambayo inapokea 15 na zaidi. Baada ya muda fungua vifuniko uangalie mwenyewe: upande mmoja maji yamechemka yakakauka, sahani ziko wazi, upande wa pili maji yapo lakini ukiipima asubuhi inasoma 11. Moja imekufa kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa. Gari linagoma kuwaka Mbwemkuru huko na korosho za watu juu, na anayelaumiwa ni muuza betri.

Dawa yake inajulikana, ni konvata ya kutoka 24 kwenda 12. Watu wanaikwepa kwa sababu ya bei, au wananunua ile ndogo ya redio ya ampea 5 au 10 na kuitwika amplifaya. Piga hesabu kidogo. Amplifaya ya chaneli nne, wati 50 halisi kila chaneli, inatoa wati 200 ikikazwa hadi mwisho. Za aina ya kawaida hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, kwa hiyo inavuta karibu wati 400, yaani ampea 30 hivi kwenye volti 12. Muziki haukazi muda wote, lakini besi inapopiga inataka ampea hizo palepale. Mimi nafunga konvata ya 30 au 40, inayowashwa na ufunguo kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili isibaki ikiwaka gari likizimwa. Hiyo konvata naiweka karibu na amplifaya. Umeme ukisafiri kutoka kwenye betri ukiwa bado volti 24, ampea zinazopita kwenye waya mrefu ni kama nusu, waya haupati moto na volti hazipotei njiani.

Kuna mambo mawili ya lori ambayo fundi aliyezoea magari madogo huyasahau. La kwanza, kebini inapinduliwa. Betri ziko kwenye chesi, ile fremu ya chini ya gari, muziki uko juu, na kila injini ikifanyiwa kazi kebini inalala mbele. Waya ukivutwa umekazwa, siku kebini itakapoinuliwa utakatika, au ubaya zaidi, utachunika ganda ukagusa chuma. Upitishe pamoja na fungu la waya za kiwandani, uache ulegevu pale kwenye bawaba, uuvike mpira kila unapopita kwenye tundu la bati. La pili, kebini imekalia mipira na springi, na kinachoiunganisha na chesi kwa umeme mara nyingi ni ukanda mmoja wa waya uliosukwa, ambao kwa hewa yetu ya chumvi huwa umeshaliwa na kutu. Ukitegemea bodi kwa hasi ya amplifaya, utasikia mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, kisha uhangaike kubadilisha redio bure. Vuta hasi yako moja kwa moja kutoka kwenye betri, unene uleule wa chanya.

Na fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa chake. Wengi wanaamini ile iliyo kwenye mwili wa amplifaya inatosha. Hiyo inailinda amplifaya. Waya ukichunika katikati ya njia, umeme wote wa betri unaishia hapo kabla haujaifikia hiyo fyuzi, na lori lina mafuta, matairi, na turubai lililofunika mzigo wa wakulima. Kwa hili simlegezei mtu yeyote. Fundi anayefunga muziki wa lori bila fyuzi ya betri asipewe gari.

Waya wenyewe nao unatudanganya. Sokoni umejaa waya mnene unaong'aa wekundu wa shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe, umeshajua. Haupitishi umeme kama shaba, unahitaji uwe mnene zaidi kwa kazi ileile, na hapa pwani kichwa chake kikipata unyevu wa chumvi kinageuka unga mweupe. Shaba halisi ya milimita 16 za mraba inatosha kwa kazi niliyoieleza, na vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kubania, vivikwe mpira, vipakwe grisi.

Kwenye spika zenyewe sina mengi. Spika za komponenti, zile zenye wufa (spika ya besi) mbali, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) mbali, na kiboksi cha krosova cha kugawa sauti, zinastahili bei yake, kwa sababu nafasi ya spika kwenye mlango wa lori iko chini kwenye miguu na twita inatakiwa ije juu karibu na kioo, usawa wa masikio. Krosova isiwekwe ndani ya mlango, mvua inaingia humo. Twita isiunganishwe bila krosova, besi itaiunguza. Chanya na hasi za pande zote mbili zilingane. Upande mmoja ukigeuka, besi inapotea na watu wanadhani spika ni feki. Gusisha betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 kwenye waya wa wufa kabla hujairudishia bao la ndani la mlango: ikisukuma nje, chanya yako iko sawa. Na ile geini, kitufe cha kuilinganisha amplifaya na redio, si kitufe cha kuongezea sauti. Ipandishe taratibu redio ikiwa robo tatu, sauti ikianza kukwaruza rudisha nyuma kidogo, uiache hapo.

Sasa niwarudie matajiri. Ninachopendekeza, na wapo wachache niliokubaliana nao kwa utaratibu huu, ni kugawana gharama. Konvata, waya wa shaba, fyuzi na rilei anunue mwenye gari, kwa sababu vitu hivyo vinabaki kwenye gari hata dereva akiondoka, na ndivyo vinavyozilinda betri zake. Redio, amplifaya na spika anunue dereva, na siku wakiachana afungue vyake aende navyo. Kazi ifanyike mchana, gari likiwa limepaki, tajiri akijua. Tena ifanyike sasa kabla msimu haujafunguliwa, maana Oktoba minada ya korosho ikianza hakuna atakayekubali gari lisimame gereji siku nzima, na wote tutarudi kwenye kuunganisha usiku kwa tochi ya simu.