Keneli ikuarifu, au uende kukagua mwenyewe?

Ukisimamia kompyuta ya chama cha ushirika cha kahawa huku Mbozi, swali hili hulikwepi: stakabadhi ya mkulima ikishahifadhiwa, programu ya nakala rudufu itajuaje? Ama izungukie folda kila baada ya muda, ikilinganisha saa na ukubwa wa kila faili, ama iiombe keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iiarifu faili linapoguswa.

Njia ya pili inavutia, na ina haki ya kuvutia. Mfumo endeshi wa Linux una inotify, huduma ya keneli ya kuarifu mabadiliko ya faili, tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Programu hulala mpaka iamshwe, na nakala hutoka papo hapo. Kukagua faili laki moja kila dakika kwenye diski ya zamani ni kuitesa mashine.

Mimi nilianza kwa kuiamini peke yake. Programu yangu ilisikiliza tukio la faili kuundwa, ikakimbilia kunakili. Stakabadhi ikafika seva ya pili ina kilo za mkulima, haina jumla ya fedha. Uandishi ulikuwa haujaisha. Nikahamia kusubiri faili lifungwe baada ya kuandikwa, na hilo likaisha.

Lililonisumbua zaidi ni folda. inotify haishuki yenyewe kwenye folda za ndani. Kila moja huwekewa mlinzi wake. Kila asubuhi ya msimu hufunguliwa folda ya siku, na kabla mlinzi hajawekwa, stakabadhi za kwanza zimeshaingia kimyakimya. Aliyewahi foleni alfajiri na magunia yake ndiye anayekosa nakala. fanotify, huduma nyingine ya keneli ya aina hiyo, huweza kulinda mfumo mzima wa faili kwa mkupuo, ila hapo programu inahitaji mamlaka makubwa, na hayo siyatoi ovyo.

Kisha umeme. Yanayotokea programu ikiwa imezimwa, keneli haiwekei akiba. Foleni ya matukio yanayosubiri kusomwa na programu nayo ina kikomo, kwa kawaida matukio 16,384. Ikifurika, unaambiwa imefurika, huambiwi kilichopotea.

Kwa picha au nyimbo ningeiacha keneli peke yake. Kwa fedha ya mkulima, ukaguzi ndio msingi, taarifa za keneli ni za kuharakisha. Sasa programu hukagua folda zote kila inapowaka, kila foleni inapofurika, na usiku mizani ikishafungwa. Kila folda mpya huwekewa mlinzi kwanza, ndipo yaliyomo yasomwe.